Majina Mawili ya Kidonge

Mzee Ndetaulwa ameshuka kutoka Kibosho,
baridi ya Juni bado imo kwenye koti lake.
Juu ya kaunta anaweka boksi tupu
alilolinyoosha kwa kiganja, kama cheti cha ubatizo.
"Hii," anasema. "Si nyingine. Hii."

Kadi ni ya familia, kidole ni chake.
Mashine ya bima inakikataa.
Cha shahada, cha kati, gumba:
miaka hamsini ya kuchuma buni imefuta mistari yote,
na mashine haimjui mtu asiye na mistari.
Mara ya saba inakubali, kidole kidogo cha kushoto,
ambacho, anasema, hakijawahi kufanya kazi ya maana.

Kisha kioo kinaandika kwa wekundu:
jina hili halimo kwenye orodha.

Namweleza kama tulivyofundishwa.
Baba, dawa ina majina mawili.
Lipo la ukoo, amlodipini, hilo halibadiliki
hata ikizaliwa Uswisi, India au Kibaha.
Na lipo la ubatizo, alilochagua mwenye kiwanda
akalipaka dhahabu, akalisajili.
Bima inalipia ukoo.
Ubatizo unajilipia mwenyewe:
elfu arobaini na nane, vidonge thelathini.
Hivi vyeupe ni bure. Miligramu tano kwa tano.

Anavichukua, anavitikisa sikioni
kama mtu anayesikiliza kama punje zimekauka.

"Mwanangu, usinifundishe majina.
Buni yangu ikitoka shambani haina jina.
Inaitwa kilo.
Inapita chama cha msingi, inapita mnadani, inavuka maji,
huko ndiko inakopewa kopo na picha ya mlima,
mlima wangu, na theluji nyingi kuliko niionayo.
Mjukuu aliniletea kopo moja kutoka uwanja wa ndege.
Nikanywa. Ilikuwa yangu.
Bei yake sikumwambia mke wangu."

Nikadhani tumemaliza. Nikafungua daftari.
Kama kuna mtu Moshi nzima
anayejua kwamba jina haliongezi ladha, ni huyu.

Hakuvichukua.

"Eliafile alianguka jikoni mwaka juzi, mdomo ukaenda upande.
Pale Mawenzi wakamwandikia hii ya boksi.
Mdomo ukarudi. Akaniita jina langu lote, bila kulikata.
Sasa mimi sijui kilichomrudisha ni ukoo au ubatizo.
Wewe unajua?"

Ninajua. Ninazo karatasi, mihuri, namba za vipimo.
Ila nilikumbuka pia ule mzigo wa Machi,
vidonge vilivyomeguka kama chokaa ndani ya foili,
katoni kumi na moja nilizorudisha kimyakimya
bila kumwambia mteja hata mmoja.
Ulimi ukawa mzito.
Nikasema, "Hivi nimevikagua mwenyewe."
Akanitazama kama anavyotazama mizani ya mnunuzi.

Akafungua leso. Malipo ya pili ya kahawa,
noti zinanuka moshi wa jikoni.
Akahesabu elfu kumi na sita. Vidonge kumi.
"Na hivyo vya bure nifungie. Nitameza mimi."

Baba, dawa haimezwi hivyo. Nani amekupima?
"Nani amewahi kunipima?"

Nikamfunga mkanda mkononi, nikabonyeza.
Mia moja sabini na nane juu ya mia na nne.
Nikarudia. Ikapanda kidogo.
"Hiyo ni ya nani?" akauliza, akachungulia nyuma ya mashine.

Daktari yuko ghorofani. Alipanda polepole,
akikaa kila ngazi ya tano,
akashuka na karatasi yenye jina lake.
Nikamwuliza, kwa haki yake: Baba, ya boksi au nyeupe?

"Nyeupe," akasema. "Mimi nani atanikagua mdomo?"

Boksi tupu akalirudisha mfukoni, upande wa ndani.
Kisha, kabla sijamwambia,
akanyoosha kile kidole kidogo cha kushoto.
Mashine ikamjua mara moja.